Mfuko wa Shangazi Kaja

Kila aliyewahi kupanda basi la mkoani anaujua mfuko ule. Ni wa plastiki iliyofumwa, wenye mirabamiraba ya buluu na nyekundu. Zipu yake hukata tamaa safari ya pili, na ukijaa huwa mkubwa kuliko anayeubeba. Tanzania tunauita shangazi kaja. Ukiuona mlangoni, ujue shangazi amefika na mchele, karanga, doti ya kanga na maneno ya ukoo ambayo baba hakutaka yasemwe mbele ya watoto. Nigeria na Ghana mfuko huohuo una jina jingine. Wanauita Ghana Must Go, yaani Waghana lazima waondoke.

Jina hilo lina tarehe yake. Januari 1983 serikali ya Shehu Shagari iliwatangazia wageni wasio na vibali kuwa wanatakiwa kuondoka Nigeria, ikawapa wiki mbili. Fedha za mafuta zilikuwa zimepungua, uchaguzi ulikuwa mwaka huohuo, na mgeni siku zote ni rahisi kumbebesha lawama kwa sababu hapigi kura. Watu zaidi ya milioni moja walifungasha, wengi wao Waghana, na mfuko wa bei ya chini uliokuwa sokoni ndio huo. Walipofika njiani walikuta serikali ya kwao wenyewe imeufunga mpaka wa Ghana na Togo, wakakwama Benin na watoto wao, wamekaa juu ya mizigo.

Wanigeria nao walikuwa na deni la kudai. Mwishoni mwa 1969 serikali ya Kofi Busia iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili hizohizo waondoke Ghana, na walioathirika zaidi walikuwa Wanigeria, wakiwamo Wayoruba waliokuwa wamezeeka katika masoko ya kule. Hii ndiyo Ghana ya Nkrumah, aliyesema usiku wa uhuru mwaka 1957 kwamba uhuru wa nchi yake hauna maana usipofungamana na ukombozi wa Afrika nzima. Maneno yale hayakutimiza hata miaka 13.

Kila ifikapo Mei 25, Siku ya Afrika, huwa nasikiliza hotuba huku nikiufikiria mfuko huu. Hotuba hutuambia kwamba sisi ni wamoja kwa asili, damu moja, tuliotenganishwa na mkoloni. Mimi sioni hivyo. Naona Uafrika ni kitu kilichotengenezwa na watu tunaowajua kwa majina, katika miaka tunayoweza kuihesabu, na kilichokitengeneza zaidi ni kumpokea mgeni. Kwa hiyo kumfukuza mgeni hukibomoa, hata kama wimbo bado unaimbwa.

Anza na jina lenyewe. Warumi walipoiangusha Carthage mwaka 146 KK waliliita jimbo lao jipya Africa, nalo lilikuwa kipande tu cha Tunisia ya leo. Waarabu walipokuja wakaliita eneo hilo Ifriqiya. Mnyamwezi au Mgogo wa nyakati hizo hakuwa na habari kwamba siku moja ataitwa kwa jina la jimbo la Warumi lililokuwa ng'ambo ya jangwa. Sasa tazama: Februari 2023 Rais Kais Saied wa Tunisia alidai kwamba kuna njama ya kuwaingiza watu wa kusini mwa Sahara ili nchi yake ibadilike iwe ya Kiafrika tu, isiyo na uhusiano na ulimwengu wa Kiarabu na wa Kiislamu. Siku zilizofuata watu weusi walipigwa mitaani na kutolewa katika nyumba walizopanga. Guinea, Ivory Coast na Mali zilituma ndege kuwachukua raia wao. Palepale jina la bara lilipozaliwa, kuitwa Mwafrika kumekuwa jambo la kuogopwa.

Walioligeuza jina hilo kuwa dai la kisiasa hawakuwa hata barani. Walikuwa wajukuu wa watu waliouzwa. Ndani ya meli na mashambani Karibiani, makabila yaliyochanganywa kwa nguvu yalipoteza nafasi ya kuwa makabila, na kilichobaki kuwaunganisha ni mahali walikotolewa. Ndiyo maana mkutano wa kwanza uliojiita wa Waafrika wote uliitishwa London mwaka 1900 na wakili kutoka Trinidad, Henry Sylvester Williams. Ndiyo maana pia mkutano wa Manchester wa 1945 uliwakutanisha George Padmore, Mtrinidadi mwingine, Du Bois wa Marekani, na watu wawili ambao baadaye wangekuwa marais, Nkrumah na Kenyatta. Wazo la Afrika moja lilirudi nyumbani likiwa na lafudhi ya ng'ambo.

Sisi wa lugha hii nasi tusijifanye wasafi. Miji ya pwani ilikuwa na neno lake kwa watu wa bara: washenzi. Mwenye kanzu, ukoo na nyumba ya mawe alikuwa muungwana. Aliyetokea huko nyuma ya Bagamoyo alikuwa mshenzi, na mshenzi aliweza kuuzwa. Kiswahili kilipanda bara kwa miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi na kwa misafara ya pembe na watumwa, kikapita Tabora na Ujiji, kikavuka Ziwa Tanganyika hadi Maniema, alikotawala Tippu Tip. Kule Kongo watu waliofuatana na misafara hiyo walijiita Wangwana, neno lilelile la waungwana, ingawa wengi wao jana yake walikuwa watumwa. Huwa nalipenda jambo hilo. Mtu aliyenyimwa heshima pwani aliibeba njiani, akaivaa alipofika mahali ambapo hakuna wa kumvua.

Kisha kila mtawala akakitia Kiswahili mkono wake. Wajerumani waliwatumia maakida wa pwani kukusanya kodi. Waingereza wakaunda kamati mwaka 1930 kukisanifu kwa msingi wa Kiunguja. Wabelgiji wakakiacha kiwe lugha ya kazi katika migodi ya Katanga. Uganda kilivaa magwanda, na Waganda wengi walikizoea kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, ndiyo maana mpaka leo baadhi ya wazee wa Kampala wakisikia Kiswahili hukunja uso kwanza. Halafu TANU ikakifanya lugha ya kudai uhuru, ikafanikiwa kwa sababu hakikuwa cha kabila kubwa lolote. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Ukiifuata safari hiyo utaona mnyororo, kodi, bunduki na kadi ya chama. Anayesema Kiswahili kiliunganisha watu kwa uzuri wa mashairi yake anaruka sehemu kubwa ya hadithi.

Mipaka nayo tunaisimulia kwa wepesi. Tunasema ilichorwa Berlin mwaka 1884 na 1885. Mingi ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya wawili wawili. Mstari wa Kenya na Tanzania walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakaumalizia kuvuka Ziwa Victoria mwaka 1890. Umenyooka kama uliopigwa kwa rula, ila unapinda ukifika Kilimanjaro. Wamasai wakajikuta huku na huku.

Lakini walioamua mistari hiyo ibaki ni viongozi wetu wenyewe. Julai 1964, mwaka mmoja baada ya nchi 32 kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kule Addis Ababa, walikutana Cairo. Morocco na Algeria zilikuwa zimetoka kupigana, Somalia na Ethiopia vilevile. Nyerere alileta azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Likapita, Somalia na Morocco zikilikataa. Katika mkutano huohuo yeye na Nkrumah walirushiana maneno makali, Nkrumah akitaka serikali moja ya bara mara moja, Nyerere akitaka twende hatua kwa hatua. Wanafunzi wa vyuo wamebishana juu ya hilo kwa miaka 60 sasa.

Mimi niko upande wa Nyerere, kwa shingo upande. Bila azimio lile kila jirani angekuwa na ramani yake ya zamani ya kudai. Hata hivyo azimio lilikuja na gharama, na aliyeuleta mjadala ndiye alikuwa wa kwanza kubanwa nao: Aprili 1968 Tanzania ileile iliitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, kwa sababu Mwalimu aliona haiwezekani kulinda mstari huku watu ndani yake wanauawa. Gharama nyingine ilikuwa ya polepole zaidi. Kila serikali ilipewa geti, muhuri na askari wa kukaa getini, na kila kizazi kipya kikafundishwa kuwa Mkenya, Mzambia au Mtogo. Uafrika ukaachiwa wimbo.

Huo wimbo, Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao kwetu ni Mungu ibariki Afrika, ni ajabu kweli. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, aliutunga mwaka 1897. Leo mahadhi yake yamo katika nyimbo za taifa za Tanzania, Zambia na Afrika Kusini. Mtoto wa shule ya msingi Sumbawanga huiombea Afrika ubeti mzima kabla hajaitaja Tanzania. Sijui ni mataifa mangapi duniani yanayojiweka ubeti wa pili katika wimbo wao wenyewe.

Kwa Tanzania maneno hayo yaliwahi kulipiwa. Kamati ya Ukombozi ya OAU iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963, ikakaa hadi 1994, na katibu wake mtendaji kwa miaka mingi alikuwa Hashim Mbita. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar mwaka 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa hapohapo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Februari 3, 1969. Kongwa, mahali Waingereza walipoacha vyuma vya mradi wao wa karanga ulioshindwa, paligeuzwa kambi. Wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola waliishi pale, jirani na Wagogo walioshindana na ukame wao wenyewe. Wapo waliooa, wapo walioacha watoto. Kando ya mto Ruvuma watu waliishi na vita mlangoni kwa miaka kumi. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China ili shaba ya Zambia isipite kwa walowezi wa Rhodesia. Na baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi mwaka 1976, ANC ilipewa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, Morogoro, ikajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Makaburi ya Waafrika Kusini yako pale mpaka leo, ndani ya eneo ambalo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Tanzania ya wakati ule ilikuwa maskini kweli, sukari ilikuwa ya foleni. Naamini hapo ndipo Uafrika ulipoundwa kwa mikono. Mtu aliyekula ugali wa Kongwa hakuhitaji nadharia. Ushahidi wake ulikuja Julai 2004 katika mkutano wa Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Joaquim Chissano, Rais wa Msumbiji aliyekuwa anakabidhi uenyekiti, alisimama akaanza kuhutubia kwa Kiswahili, lugha aliyoipata akiwa mpiganaji Tanzania. Wakuu wa nchi wakatazamana, wakashika vifaa vya masikioni, na wakalimani hawakuwa wamejiandaa. Kwa dakika chache Afrika ilisemeshwa kwa lugha ya Afrika, ikawa haina mtafsiri.

Mpira uliwatangulia wanasiasa, tena kwa miaka sita. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliundwa Khartoum Februari 1957, na mashindano ya kwanza yakachezwa mwezi huohuo na timu tatu tu: Misri, Sudan na Ethiopia. Ya nne ingekuwa Afrika Kusini, lakini haikukubali kuleta timu iliyochanganya weupe na weusi, ikaachwa nje. Tangu mwanzo kabisa, basi, suala la nani anacheza kama Mwafrika liliamuliwa kwa msimamo, ngozi haikutosha. Montreal mwaka 1976 nchi nyingi za bara zilisusia Olimpiki kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini. Filbert Bayi wetu hakukimbia zile mita 1,500 ambazo dunia nzima ilikuwa inazisubiri. Hakuna aliyemrudishia siku ile.

Sasa turudi kwenye mfuko.

Mei 8, 1996, Bunge la Afrika Kusini lilipokuwa linapitisha katiba mpya, Thabo Mbeki alitoa hotuba akijitangaza kuwa Mwafrika. Akataja alioutoa Uafrika wake kwao: Wakhoi na Wasan, wahamiaji wa Kizungu, watumwa walioletwa kutoka mashariki, wapiganaji wa Kixhosa na Kizulu, Wahindi na Wachina. Ni moja ya hotuba bora nilizozisikia kwa lugha yoyote. Miaka 12 baadaye, Mbeki akiwa Rais, mitaa ya Alexandra iliwaka moto, ukasambaa. Watu zaidi ya 60 waliuawa Mei 2008. Makundi yaliwasimamisha watu na kuwauliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na aliyekosea akawa kwerekwere, jina la dharau la mgeni Mwafrika. Wengi waliofukuzwa walitoka Msumbiji na Zimbabwe, nchi zilizowahi kushambuliwa na jeshi la makaburu kwa sababu ya kuwahifadhi ANC. Na karibu theluthi ya waliokufa walikuwa Waafrika Kusini halisi, Washangaan na Wavenda na wengineo, ambao Kizulu chao hakikutosha.

Watu husema walisahau fadhila. Nadhani hawakuzijua. Aliyelala Kongwa alirudi akawa waziri au jenerali, akaishi nyuma ya ukuta mrefu. Kijana wa Alexandra hakuwahi kutoka Alexandra. Kumbukumbu ya kupokewa ilibaki mali ya waliokuwa uhamishoni, haikuingia kwenye vitabu vya shule wala kwenye foleni ya kazi, na kwenye foleni hiyo kijana alimkuta Mmsumbiji aliyekuwa tayari kulipwa nusu. Utambulisho wa bara ukawa lugha ya wakubwa, wa chini akabaki na ushindani.

Nasi Tanzania tusinyooshe kidole kirefu. Desemba 1996 serikali iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na karibu nusu milioni waliondoka, jeshi na polisi wakiwasukuma. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwatoa Kagera watu waliokuwa wameishi pale kwa miongo, wengine wakiacha mke na watoto upande huu. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya wakapigwa mnada. Ng'ombe wa Mmasai, wa upande wa pili wa ile rula. Julai 2025 likatoka agizo la kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, kuanzia saluni hadi uwakala wa fedha za simu. Malalamiko ya Kariakoo yalikuwa hasa juu ya Wachina, lakini agizo halikumtenga jirani, Nairobi ikalalamika kwamba soko la pamoja limevunjwa. Ni kweli pia kwamba nchi hiihii iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972. Yote mawili ni sisi, na tofauti mara nyingi ni nani anatawala, kuna njaa kiasi gani, na uchaguzi uko karibu kiasi gani.

Wakuu wanalijua hili. Julai 2016, Kigali, walizindua pasipoti ya Afrika kwa shangwe, nakala za kwanza wakakabidhiwa Paul Kagame na Idriss Déby, watu wawili ambao sidhani kama wamewahi kusimamishwa kwenye geti lolote. Mwaka 2018 wakatia saini itifaki ya watu kusafiri na kuishi popote barani. Ili ianze kazi inatakiwa iridhiwe na nchi 15. Zilizoridhia unaweza kuzihesabu kwa mkono mmoja, na kidole kikabaki. Mkataba wa soko huru la bidhaa, uliosainiwa mwaka huohuo, umeridhiwa na nchi nyingi mno. Mfuko wa saruji umefunguliwa njia, anayeubeba asubiri.

Wakati wakisubiri, watu huendelea kupita. Remmy Ongala alizaliwa mashariki mwa Kongo, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga gitaa na Orchestra Makassy, kisha akajenga bendi yake ya Super Matimila, akaimba juu ya umaskini, kifo na Ukimwi kwa Kiswahili ambacho kila konda alikielewa. Alifariki mwaka 2010. Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa kwa jina lake, kwa sababu nyumba yake ilikuwa jirani. Jioni magari yakijaa, konda hugonga bati na kuuliza kama kuna wa kushuka kwa Remmy. Mwanafunzi mwenye sare hujisukuma kuelekea mlangoni, na nyuma yake mama mmoja anahangaika kuuvuta mfuko wake uliokwama chini ya kiti.